Jembe Si Adhabu

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi mliovaa sare, askari wa jeshi, wa polisi na wa magereza, leo tunawaomba muweke kando kwa dakika chache habari za mipaka na za doria, tuzungumze habari za jembe. Hatusemi jembe lenyewe, maana hilo kila mmoja wetu alilishika kabla hajajua kushika kalamu. Tunasema elimu ya jembe, yaani yale masomo ya chuoni yanayoitwa kilimo na maliasili. Swali letu ni moja. Imekuwaje nchi inayopata chakula chake, fedha zake na umeme wake kutokana na udongo na maji, ikayahesabu masomo ya udongo na maji kuwa masomo ya wale walioshindwa kupata nafasi mahali pengine?

Huenda askari mmoja akasema: hilo ni jambo la wakulima na walimu, mimi linanihusu nini? Ndugu askari, linakuhusu kuliko unavyodhani. Tazama mto Namatala. Mto huu unateremka kutoka Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba, unapita ukingoni mwa mji wa Mbale, na jina lake ndilo jina la ule mtaa wa watu wengi wa makabila mbalimbali ambao askari waliofanya kazi Mbale wanaujua vizuri. Ukishaupita mtaa, mto unaingia katika ardhi oevu ya mafunjo na mashamba ya mpunga, na kutoka huko maji yake yanakwenda mto Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha mlimani, na mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo zake. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika Mbale na jirani zake. Walioitwa usiku ule kuokoa watu na kutafuta maiti walikuwa ninyi.

Tena tukumbuke tarehe 1 Machi 2010. Kwenye miteremko ya mlima huo huo, katika kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, ardhi iliporomoka na kufunika nyumba, duka na zahanati. Mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Mashine kubwa hazikuweza kupanda hadi pale kwa sababu ya tope na miinuko, hivyo askari walifukua kwa majembe na kwa mikono. Askari aliyekuwapo siku ile hahitaji kuambiwa kwamba habari za udongo ni habari za usalama wa raia. Basi na tuirudie historia, tuone elimu hii ilianzaje katika sehemu zetu za mashariki, na kwa nini imekaa nyuma.

Mwaka 1903 mbegu za pamba za kibiashara zililetwa Uganda kwa juhudi za Borup, mmisionari wa Kanisa la CMS, na zikagawanywa kwa machifu. Mbegu zilikuwa za aina nyingi. Baada ya miaka michache pamba ya Uganda ikawa mchanganyiko, na wenye viwanda huko Lancashire wakalalamika. Je, serikali ya kikoloni ilifanya nini? Mwaka 1908 Gavana Hesketh Bell alitoa sheria ya pamba. Aina zote zing'olewe, ibaki moja tu. Mashine ndogo za mkono za kuchambulia pamba ziondolewe. Machifu wakapewa jukumu la kusimamia, na chifu alikuwa na askari wake.

Hatuwezi kusema kwamba amri ile ilishindwa. Mbegu zilisafishika, na pamba ikawa zao kubwa la nchi kwa zaidi ya nusu karne. Lakini pamoja na mbegu ile ilipandwa mbegu nyingine, na hiyo imechukua muda mrefu zaidi kung'oka. Mkulima alifundishwa kwamba elimu ya kilimo ni jambo linalokuja na chifu na askari, linasema "fanya hivi," na halielezi sababu. Yeye alitii. Lakini mtu anayetii bila kuelewa hutii muda ule tu anapotazamwa.

Katika miaka ile ile, hapo hapo mashariki, kulikuwa na mfano mwingine. Kufikia mwaka 1910 ilikuwa imefunguliwa huko Kumi, katika nchi ya Teso, shule ya kufundisha kulima kwa plau inayokokotwa na maksai. Iteso walikuwa wafugaji hodari, walijua ng'ombe. Kitu walichokosa ni ufundi wa kumfundisha dume kuvuta na kushika mpini wa plau katika mstari. Shule iliwaonyesha. Mtu alikwenda, akajifunza, akarudi kijijini, na jirani yake akaona kwa macho kwamba shamba la plau linalimwa kwa siku chache kuliko la jembe la mkono. Kufikia mwisho wa miaka ya 1930 plau katika Teso zilikuwa zimehesabika kwa maelfu. Elimu ilitembea yenyewe kutoka shamba hadi shamba, kwa sababu iliingia mahali ambapo palikuwa tayari na maarifa, ikayaongezea.

Hivyo tangu mwanzo tulikuwa na njia mbili: njia ya amri na njia ya mafunzo. Historia yote ya masomo ya kilimo katika nchi yetu ni historia ya njia hizi mbili zikivutana.

Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza 14 walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Haikupita miaka mingi masomo ya utabibu, ualimu, kilimo na utibabu wa mifugo yakaongezwa. Mwaka 1937 ikaanza kuwa chuo cha elimu ya juu, mwaka 1949 ikaungana na Chuo Kikuu cha London, mwaka 1963 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake kama chuo kikuu cha taifa. Chini yake vilikuwapo vyuo vya cheti na diploma: Bukalasa katika Buganda, Arapai karibu na Soroti, na kwa upande wa misitu, Nyabyeya kandokando ya msitu wa Budongo. Kwa upande wa utafiti kilikuwapo kituo cha Serere katika Teso, na Namulonge karibu na Kampala.

Ukitazama orodha hiyo utasema mambo yalikuwa mazuri. Lakini uliza kijana aliyemaliza aliajiriwa kufanya nini. Kwa miaka mingi kabla ya uhuru, Mwafrika mwenye diploma ya kilimo aliitwa msaidizi, na kiti cha ofisa kilikaliwa na Mzungu. Msaidizi huyo alipofika kijijini alikuta kazi kubwa iliyomngoja ni kukagua. Je, kila kaya imepanda mihogo ya akiba ya njaa? Je, ghala la ulezi limejengwa? Je, mashina ya pamba yameng'olewa na kuchomwa? Asiyefanya apelekwe kwa chifu, atozwe faini au afungwe. Na akifungwa, afanye nini gerezani? Alime.

Hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo mzizi wa dharau ulipo. Mtu aliyekosa kulima aliadhibiwa kwa kulimishwa. Mtoto aliyechelewa shuleni alipewa jembe, akakate nyasi au akalime shamba la mwalimu, wakati wenzake wasio na kosa wanasoma hesabu darasani. Na katika kambi zetu, tuseme kweli, askari aliyekosa nidhamu alipelekwa wapi? Kwa vizazi vitatu au vinne tumewafundisha watoto wetu kwamba kalamu ni zawadi na jembe ni adhabu. Kisha mtoto huyo akimaliza shule tunamwambia: mwanangu, nenda chuo ukasome kilimo. Anatuangalia kama tuliyemhukumu!

Matokeo ya njia ya amri yanaonekana vizuri zaidi tukivuka mpaka na kutazama jirani zetu Tanganyika. Katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro, serikali ya kikoloni ilianza mwaka 1950 mpango wa kuzuia mmomonyoko. Maofisa walikuwa wasomi, na hofu yao ilikuwa ya haki, maana udongo ulikuwa ukiteremka na maji. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, na kila mtu alilazimishwa kuyachimba. Lakini mahali pengi udongo wa juu ulikuwa mwembamba, na kuchimba ngazi kulileta juu udongo usio na rutuba. Wakulima walisema hivyo. Hawakusikilizwa. Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika kwa hasira huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Baada ya hapo amri ya matuta ikaachwa.

Tafakari, ndugu polisi. Askari aliyefyatua risasi ile hakuwa amechagua matuta. Alitumwa kusimamia somo ambalo waliolitunga hawakulimaliza kusoma. Kosa la kitaalamu lilianza katika udongo, likapita ofisini, na mwisho likaishia katika mtutu wa bunduki yake.

Katika Kigezi, kusini magharibi mwa nchi yetu, mambo yalikwenda tofauti katika miaka ya 1940. Bwana shamba wa wilaya aliitwa Purseglove. Sheria zilikuwapo huko pia, na hatuwezi kusema watu hawakusukumwa. Lakini yeye alianza na desturi waliyokuwa nayo wakulima wenyewe ya kulima kwa kukingama na mteremko, akaiendeleza kwa vipande na kingo za nyasi, akawafundisha machifu kwanza hadi wakaelewa, na familia zilizobanwa na uhaba wa ardhi zikapatiwa mahali pa kuhamia. Vilima vya Kigezi vikatembelewa na watu wa nchi nyingine kama mfano. Tofauti ya Kigezi na Uluguru haikuwa katika wingi wa shahada za maofisa. Ilikuwa katika kusikiliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na msomi hakuondolewa katika methali hiyo.

Uhuru ulipokuja mwaka 1962, vijana wetu walishika viti vya maofisa, na kwa miaka kadhaa kazi ilionekana. Karibu na mwaka 1970 Uganda ilikuwa ikivuna zaidi ya robota 400,000 za pamba kwa mwaka. Kisha zikaja nyakati ambazo wengi wetu tunazikumbuka. Walimu wa vyuo walikimbia nchi au walipotea. Magari ya mabwana shamba yalikaa juu ya mawe. Katika miaka ya 1980 mavuno ya pamba yalianguka hata yakawa sehemu ndogo sana ya yale ya zamani. Na kule Teso, ambako shule ya plau ilikuwa imefanya kazi yake kwa ukimya, uasi na wizi wa mifugo wa mwisho wa miaka ya 1980 viliondoa ng'ombe kwa mamia ya maelfu. Plau zilibaki zimeegemezwa kwenye kuta za nyumba, zinashika kutu. Ufundi ulikuwamo kichwani, chuma kilikuwapo, lakini maksai hakuna. Watu waliozoea plau kwa miaka 70 wakarudi kwenye jembe la mkono.

Hapa askari wapate heshima yao. Elimu ya kilimo haiwezi kuishi mahali ambapo hakuna amani. Mwalimu wa Arapai hawezi kufundisha maksai wasiokuwapo. Kila usiku ambao askari amekesha kuzuia wizi wa mifugo, amelinda darasa bila kujua.

Lakini amani peke yake haitoshi. Wakumbukeni wale machifu na sheria yao ya mihogo. Ilikuwa sheria nzuri. Muhogo unastahimili ukame, na kaya yenye muhogo haifi njaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa mkali wa batobato, unaokunja na kugeuza majani kuwa ya manjano, uliibuka katikati ya nchi na kuenea mwaka hadi mwaka. Ulipofika mashariki katika miaka ya 1990, mashamba ya mihogo yaliyokuwa ndiyo akiba ya Teso na jirani zake yaliteketea, na njaa ikaingia. Wakati ule amri ya kupanda mihogo ingesaidia nini? Hata ukimweka askari kwenye kila shamba, muhogo mgonjwa hauogopi bunduki. Ugonjwa unaletwa na virusi, na virusi hivyo vinabebwa na inzi weupe wadogo kutoka mmea hadi mmea, na pia na mkulima mwenyewe anapokata vijiti vya mbegu katika shamba lililoambukizwa. Wataalamu wa Namulonge walitafuta aina zinazostahimili, wakazijaribu mashambani pamoja na wakulima, wakazizalisha kwa wingi, na zile zilizoitwa Nase zikarudisha muhogo mezani. Waliofanya kazi hiyo ni watu waliokaa chuoni kusoma magonjwa ya mimea, somo ambalo wenzao waliliona halina heshima.

Mfano mwingine uko Jinja, mbele ya macho ya kila askari aliyewahi kupita daraja la Owen Falls. Magugu maji yalionekana Ziwa Kyoga mwaka 1988 na Ziwa Victoria mwaka uliofuata. Katika miaka ya 1990 yaliziba ghuba, yakafunga mitumbwi ya wavuvi, yakabana hata bwawa la umeme ambalo limekuwa likifanya kazi tangu 1954. Watu waliyang'oa kwa mikono, mashine zikaletwa kuyakata, lakini gugu hilo linazaliana kwa kasi kuliko mkono wa mtu. Kuanzia mwisho wa mwaka 1995 wataalamu walifungulia ziwani fukusi wadogo wasiokula kitu kingine ila gugu hilo. Ilipofika mwaka 1998 sehemu kubwa ya zulia lile la majani ilikuwa imezama, na mvua na mawimbi makubwa ya miaka ile vilisaidia. Mdudu mdogo kuliko punje ya mchele alifanya kazi iliyoshinda mashine. Lakini mdudu hakujileta. Aliletwa na mtu aliyejua kumchagua na kumchunguza kwanza, ili asije akageukia mazao.

Sasa turudi Namatala. Katika miaka ya 1960 na 1970 miradi ya mpunga ilianzishwa mashariki kwa msaada wa wataalamu wa China: Kibimba, na baadaye Doho katika nchi ya Butaleja, mradi wa takriban hekta 1,000 kando ya mto Manafwa. Wakulima wa vijiji vya jirani walitazama, wakaiga, na mpunga ukasambaa katika ardhi oevu ya Namatala. Tukumbuke kwamba hii nayo ilikuwa elimu iliyotembea yenyewe, kama plau ya Kumi. Wakulima hawakuhitaji askari. Walipata chakula, ada za shule na mabati. Lakini walijifunza nusu ya somo. Walijifunza namna ya kupata mpunga, hawakufundishwa mafunjo yalikuwa yanafanya kazi gani kabla ya kung'olewa.

Kazi hiyo inaelezeka kwa maneno machache. Mafunjo yana mizizi iliyosukana kama mkeka. Maji ya mlima yanapofika kwa kasi, mkeka huo huyapunguza mwendo, yanatawanyika, tope linazama, na uchafu unaotoka mjini unafyonzwa na mimea. Mabwawa ya kusafishia majitaka ya Mbale yanamwaga maji yake katika ardhi oevu hiyo hiyo. Watafiti wa Uganda, wakishirikiana na wenzao wa Delft nchini Uholanzi, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wao juu ya Namatala, wakaonyesha kwamba sehemu ya juu ya ardhi oevu, iliyo karibu na mji, ilikuwa karibu yote imegeuzwa mashamba, na mafunjo yamebaki zaidi sehemu ya chini. Ukichimba mifereji na kunyoosha mkondo, maji hupita upesi, na tope lile lile lililokuwa likituama Namatala linasafiri hadi Kyoga. Na huko mlimani, mteremko uliokatwa miti na kulimwa hadi juu hunywa mvua kama sifongo, ukawa mzito, ukateleza. Kwa hiyo mlima, mji na ardhi oevu ni mwili mmoja. Anayeusomea mmoja bila mingine anasoma ukurasa mmoja wa kitabu.

Sheria zipo. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba maziwa, mito na ardhi oevu vinashikwa na serikali kwa amana ya wananchi. Mwaka huo huo sheria ya mazingira ilipitishwa, na sheria mpya ikafuata mwaka 2019. Jeshi la Polisi limeunda kikosi cha ulinzi wa mazingira. Mlima Elgon ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na walinzi wake wana silaha. Lakini polisi akitumwa Namatala kumwambia mkulima aondoke katika mpunga, mkulima atamwuliza swali moja: "Afande, niende nikale wapi?" Swali hilo si la ukaidi. Ni swali la mzazi. Na jibu lake halimo katika kitabu cha sheria, wala katika risasi.

Jibu, hata likiwa la sehemu tu, limo katika masomo tunayoyazungumzia. Mwaka 2002 aina ya mpunga wa nchi kavu uitwao NERICA ilitolewa kwa wakulima wa Uganda, mpunga usiohitaji kusimama majini. Wapo wanaojua kufuga samaki pembezoni mwa ardhi oevu bila kuichimba katikati. Wapo wanaojua kupanda kahawa pamoja na miti ya kivuli katika miteremko, jambo ambalo Wagisu wamelifanya kwa miaka mingi, hata wakaunda chama kikuu chao cha ushirika cha Bugisu mwaka 1954. Sheria bila mtaalamu wa kuonyesha njia nyingine ni Uluguru tena. Na mtaalamu asiyekaa chini na mkulima wa mpunga kumsikiliza, huyo pia ni Uluguru tena.

Kuna jambo la karibu zaidi nanyi. Kuanzia mwaka 2013 na 2014, maofisa wa jeshi walipewa kazi ya kusambaza mbegu na miche kwa wananchi katika mpango ulioitwa Operation Wealth Creation. Jeshi lina magari, lina nidhamu, na linajua kufikisha mzigo mahali pasipofikika. Hayo yalikuwa mambo mazuri. Lakini malalamiko nayo yalisikika, hata Bungeni, kwamba mahali pengine miche ilifika mvua ikiwa imekwisha, ikakauka. Tusitafute wa kulaumiwa, tutafute funzo. Risasi ukiichelewesha mwezi mmoja bado ni risasi. Mche ukiuchelewesha mwezi mmoja ni kuni. Askari anayebeba mche amebeba kiumbe hai, na kiumbe hai kina saa yake. Kuijua saa hiyo ndiyo elimu ya kilimo.

Vyuo vya kuipata elimu hiyo haviko mbali. Mwaka 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Busitema, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Tororo, kikirithi chuo cha zamani cha mitambo ya kilimo. Arapai imekuwa tawi lake la kilimo na sayansi ya mifugo. Namasagali, ambayo tangu reli ya mwaka 1912 ilikuwa bandari ya kupakia pamba juu ya mto Nile, imekuwa tawi lake la maliasili na mazingira. Mahali ambapo robota zilipita kwenda ng'ambo bila mbebaji kujua bei yake, leo kijana wa mashariki anaweza kukaa darasani akasoma samaki, misitu, maji na udongo wa kwao.

Ndugu askari, tunawaomba mambo matatu. La kwanza, msiwazuie watoto wenu. Mtoto akisema anataka kusomea kilimo, misitu, mifugo au samaki, asiambiwe kwamba hakusomeshwa ili akawe mkulima. Daktari anamtibu mgonjwa mmoja mmoja. Mtu aliyeleta muhogo mzima katika Teso alitibu wilaya nzima kwa mpigo. La pili, ninyi wenyewe msomee kabla ya kustaafu. Wengi wenu mtarudi vijijini mkiwa na kiinua mgongo na kipande cha ardhi, na wengi tumewaona waliomaliza fedha zote katika ng'ombe wasiojua kuwatunza na miche wasiojua msimu wake. Mali bila maarifa hupotea bila habari. La tatu, katika kambi, vituo na magereza yetu, jembe liondolewe katika orodha ya adhabu. Mkosaji apewe adhabu nyingine. Shamba la kambi liwe mahali pa mafunzo, lenye mtu aliyesoma wa kuliongoza, na anayefanya vizuri ndani yake asifiwe mbele ya wenzake kama anavyosifiwa mlenga shabaha.

Mbegu ya mwaka 1908 imeota mizizi mirefu, na haitang'oka kwa hotuba moja ya redio. Lakini mvua itanyesha tena juu ya Masaba, na mito itajaa tena. Siku hiyo mtaitwa, na mtakwenda, kwa sababu ndio wajibu wenu. Heri tuwe na vijana waliosoma miteremko ile na mafunjo yale kabla ya mvua, ili askari akishika jembe katika Bududa au Namatala, ashike la kupanda miti, wala si la kufukua watu.